Bill Snyder na Kansas State: timu iliyokaa mechi 30 bila ushindi ilifikaje namba moja?

YadiKumi ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Mnaofuatilia futiboli ya vyuo vya Marekani (ile ya Kimarekani, si soka) naomba mnifafanulie jambo moja.

Bill Snyder aliifundisha Kansas State kuanzia 1989 hadi 2005, akastaafu, akarudi 2009 hadi 2018. Jumla ni ushindi 215, vipigo 117 na sare 1. Hiyo ni kama asilimia 65, na makocha wenye zaidi ya hapo wako wengi. Ubingwa wa taifa hakuchukua hata mmoja. Lakini kila wanaoujua mchezo wakipanga makocha wakubwa, jina lake limo, na mwaka 2015 aliingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa futiboli ya vyuo akiwa bado kazini.

Majibu ninayokutana nayo ni yale yale: "alijenga nidhamu", "alibadilisha fikra". Hayo kila kocha anaambiwa. Nataka kujua alifanya nini hasa. Alisajili nani, alichezesha vipi, na kwa nini ubingwa ulimkwepa?

---

MstariWaMbele amejibu:

Mkuu, asilimia ya ushindi ni mahali pabaya pa kuanzia kwa kocha huyu. Anza na alichokikuta.

Kansas State ndiyo iliyokuwa timu ya kwanza ya daraja la juu kufikisha vipigo 500. Kabla ya Snyder ilikuwa imecheza mechi moja tu ya bouli, yaani zile mechi za heshima za mwisho wa msimu, nayo ni Independence Bowl ya 1982, wakafungwa 14-3 na Wisconsin. Msimu wa 1987 walimaliza 0-10-1 (ushindi, vipigo, sare). Msimu wa 1988 walimaliza 0-11. Anapokabidhiwa timu ilikuwa na mechi 27 mfululizo bila ushindi. Akapoteza 3 za kwanza yeye mwenyewe, zikawa 30. Ushindi ulikuja tarehe 30 Septemba 1989 dhidi ya North Texas, 20-17, kwa pasi ya tachidauni (mpira kufikishwa ndani ya eneo la mwisho la mpinzani) ya mwisho kabisa ya mechi, Carl Straw kwa Frank Hernandez. Msimu huo waliumaliza 1-10.

Sasa angalia alivyopanda: 1990 ni 5-6, 1991 ni 7-4, 1992 akarudi 5-6, 1993 akapata 9-2-1 na ushindi wa kwanza wa bouli katika historia ya chuo, Copper Bowl, 52-17 dhidi ya Wyoming. Kuanzia hapo bouli 11 mfululizo, 1993 hadi 2003. Misimu ya 1997, 1998, 1999 na 2000 yote alishinda mechi 11. Akapata 11 tena 2002 na 2003.

Na hakuja mikono mitupu. Alizaliwa 1939 St. Joseph, Missouri, akafundisha sekondari California, kisha chuo kidogo cha Austin College huko Texas, halafu akajiunga na Hayden Fry pale North Texas mwaka 1976. Fry alipohamia Iowa mwaka 1979 alikwenda naye, akawa mratibu wa mashambulizi kwa miaka 10. Hapo Iowa ndipo pa kupatazama vizuri, kwa sababu Iowa nayo ilikuwa imeoza: tangu 1961 haikuwa imepata msimu mmoja wa ushindi kuzidi vipigo. Kufikia Januari 1982 walikuwa wanacheza Rose Bowl. Kwa hiyo Snyder alipofika Manhattan, mji wa Kansas chuo kilipo, kazi ya kufufua timu alikuwa ameshaifanya mara moja akiwa msaidizi. Hata nembo: Fry alipofika Iowa alileta nembo mpya ya mwewe; Snyder mwaka wake wa kwanza akaleta nembo mpya ya paka, Powercat, ambayo chuo kinaitumia hadi leo. Watu huona ni pambo. Lakini mchezaji wa sekondari anayeletewa barua yenye nembo ya timu iliyofungwa mara 500 anaijua hiyo nembo.

---

KalendaNaKalamu amejibu:

Naongezea mambo mawili ambayo ndiyo injini yenyewe: ratiba na vyuo vya miaka miwili.

Ratiba kwanza. Wakati huo msimu ulikuwa mechi 11, na ili uende bouli unahitaji ushindi 6. Kansas State ilikuwa kwenye konferensi ya Big Eight, yaani kundi la vyuo 8 vinavyochezeana kila msimu, ambako unacheza mechi 7 za konferensi, zikiwemo na Nebraska, Oklahoma na Colorado. Zinabaki mechi 4 ambazo chuo chenyewe kinachagua mpinzani. Hesabu ni hii: ukizijaza hizo 4 kwa timu kubwa ili upate hela ya mlangoni, unaingia kwenye konferensi ukiwa na vipigo 4, wachezaji wameumia, na unahitaji kushinda 6 kati ya 7. Ukizijaza kwa timu unazoweza kuzishinda, unahitaji 2 tu. Snyder alishikilia njia ya pili bila kuyumba. Big 12, konferensi iliyochukua nafasi ya Big Eight, ilipoanza kucheza 1996, mechi za konferensi zikawa 8 na za kujichagulia zikabaki 3, naye akaendelea vile vile.

Bouli si zawadi ya safari tu. Timu inayokwenda bouli inaruhusiwa mazoezi ya Desemba ambayo timu iliyobaki nyumbani haipati. Kwa timu ya wachezaji vijana hiyo ni kama nusu ya mazoezi mengine ya majira ya kuchipua, bure.

Vyuo vya miaka miwili sasa. Kansas imejaa vyuo vya jamii vyenye timu kali za futiboli: Butler, Coffeyville, Garden City, Hutchinson, Dodge City. Kijana wa sekondari mwenye kipaji kikubwa haji Manhattan, anakwenda Nebraska. Lakini yupo mwingine, labda alama zake za darasani hazikutosha, labda alichelewa kukua mwili, akapita chuo cha miaka miwili. Huyo anakuja akiwa na miaka 20 au 21, mwili umeshakomaa, ana misimu 2 ya kucheza, wakati mwingine 3. Na akimaliza masomo yake Desemba anahamia Januari, anaingia mazoezi ya majira ya kuchipua, kwa hiyo Septemba si mgeni tena. Michael Bishop, kwotabeki (anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) aliyemaliza wa pili kwenye Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1998, alitoka Blinn College ya Texas akiwa ameshinda ubingwa wa taifa wa vyuo vya miaka miwili mara 2.

Inaharibika wapi? Sehemu 3. Ya kwanza ni darasani: masomo aliyosoma kule yasipokubaliwa kuhamishwa, kijana anakaa nje na nafasi umeshampa. Ya pili ni mzunguko: kila kundi linaondoka baada ya miaka 2, kwa hiyo ukikosea usajili mwaka mmoja, pengo linaonekana mwaka unaofuata, halikupi muda wa kuficha. Ya tatu ni nafasi zenyewe. Timu ilikuwa na ukomo wa ufadhili wa masomo kwa wachezaji 85, na wapya wasiozidi 25 kwa mwaka. Mchezaji wa miaka 2 anakula nafasi ya mwaka sawa na wa miaka 4. Ukisajili wengi wa miaka 2, kwa hesabu tu huwezi kujaza zile 85.

Pengo hilo Snyder alilijaza kwa vijana wa Kansas wasio na ufadhili. Jordy Nelson, aliyekuja kuwa mpokeaji maarufu wa Green Bay Packers, aliingia Kansas State bila ufadhili, tena kama mlinzi wa nyuma, kisha akahamishiwa upokeaji. Utawakuta wa aina hiyo kila msimu wa Snyder. Kijana wa shambani mwenye urefu na mbio anapewa miaka 2 ya kubeba vyuma na kujifunza nafasi kabla hajaulizwa lolote.

---

Sauti_ya_Prairie amejibu:

Kwenye ratiba naomba nitofautiane kidogo. Kwa 1989 hadi 1993 nakubali, ilikuwa dawa. Lakini 1998 timu ilikuwa na Bishop, ina safu ya ulinzi ya kutisha, na mechi za kujichagulia zilikuwa Indiana State, Northern Illinois na Northeast Louisiana. Hiyo Northern Illinois iliisha 73-7. Timu yenye uwezo wa ubingwa haikuhitaji kulindwa hivyo, na wapiga kura waliona. Dawa ya mgonjwa si chakula cha mzima.

---

KalendaNaKalamu amejibu:

Kaka, hoja yako ina uzito na gharama ililipwa kweli, ila mikataba ya mechi hizi husainiwa miaka kadhaa kabla. Ratiba ya 1998 ilipangwa na timu ambayo haikujua kama 1998 itakuwa na Bishop. Hilo halimwondolei lawama yote, maana angeweza kubadili angalau moja. Lakini mtu asidhani aliketi Juni 1998 akachagua wanyonge.

---

GadiAnayevuta amejibu:

Nimesubiri mtu aguse uchezaji wenyewe, kwa sababu hapo ndipo Snyder alipowazidi wengi akili. Nitaeleza kwa hesabu ya watu.

Kila upande una watu 11. Timu ya kawaida ikikimbiza mpira, kwotabeki anampa mkimbiaji, kisha yeye anasimama kutazama. Mkimbiaji ana mpira, hazuii mtu. Wanaobaki kuzuia ni 9, dhidi ya walinzi 11. Tayari una upungufu wa watu 2.

Sasa kwotabeki mwenyewe akiwa ndiye mkimbiaji, yule aliyekuwa akimbie na mpira anatangulia mbele kama mzuiaji. Wazuiaji wanakuwa 10 dhidi ya 11. Upungufu ni mmoja. Ukiongeza mbinu ya kumsoma mlinzi wa pembeni, unamwacha mlinzi mmoja bila kumzuia makusudi. Kwotabeki anaweka mpira kwenye tumbo la mwenzake na kumtazama huyo mlinzi: akikimbilia ndani, kwotabeki anauvuta mpira na kutoka nje, akibaki nje, anauachia. Mlinzi huyo amezuiwa kwa macho. Hesabu inakuwa 10 kwa 10.

Snyder alikuwa na kwotabeki wa kukimbia katika vizazi mbalimbali: Bishop, Ell Roberson, na baadaye Collin Klein. Tazama shambulio moja la Klein, lile la nguvu. Klein anasimama yadi 5 hivi nyuma, mkimbiaji ubavuni. Mpira ukitoka, wa mstari wa mbele wa upande wa kulia wanasukuma walinzi kuelekea ndani, kila mmoja akimkandamiza aliye kushoto kwake. Gadi wa kushoto, mmoja wa wazuiaji wa mstari wa mbele, anaacha nafasi yake, anarudi hatua moja, anakimbia nyuma ya wenzake, anaingia kwenye tundu la kulia kumtafuta lainibeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa mpinzani. Mkimbiaji anatangulia kumpiga kumbo mlinzi wa pembeni kabisa. Klein hatakiwi kuwa na haraka. Anasubiri mpaka aone mgongo wa gadi, ndipo anaufuata. Akitangulia gadi, anakutana na lainibeka peke yake na anapata yadi 1. Akisubiri nusu sekunde anapata 4 au 5. Kwenye mchezo wa majaribio 4 kupata yadi 10, ukipata 4 kila mara, mpinzani hauoni mpira.

Mpinzani akichoka na yadi 4 anamshusha mlinzi wa nyuma aje kusaidia. Hapo ndipo mtego unapofunga. Klein anapiga hatua 2 mbele kama anayekimbia, mlinzi anapanda, naye anautupa mpira mfupi juu ya kichwa chake kwa mpokeaji aliyepita pale alipoondoka. Pasi yenyewe ni rahisi kiasi kwamba kwotabeki wa sekondari anaiweza. Ugumu wote umeshamalizwa na yale mashambulio 6 yaliyotangulia.

Hasara yake iko wazi: kwotabeki anapigwa. Msimu wa 2011 Klein alikimbia na mpira zaidi ya mara 300, akafunga tachidauni 27 kwa miguu. Hakuna mwili unaotoka salama hapo. Na kwotabeki wa namna hii akiumia, timu haibadilishi mtu mmoja tu, inabadilisha hesabu nzima. Mwaka 2003 Roberson alipokuwa na jeraha timu ilipoteza mechi 3 mfululizo, kuanzia na Marshall iliyokuja kuwafunga nyumbani.

---

YadiKumi ameandika:

Mkuu GadiAnayevuta, hapo umenifungua macho. Swali dogo: kama hesabu ni nzuri hivi, kwa nini wengine wote hawakuifanya wakati ule?

---

GadiAnayevuta amejibu:

Kwa sababu kocha mwenye kwotabeki wa ligi ya kulipwa anaogopa kumvunja. Nebraska waliifanya kwa mtindo wao wa opsheni (kwotabeki kuamua papo hapo akimbie na mpira au amwachie mwenzake), na vyuo vya jeshi pia. Ila wengi waliitumia pamoja na pasi hafifu. Snyder aliunganisha hesabu ya mbio na pasi ndefu, kwa kuwa asili yake ni pasi: Iowa alimlea Chuck Long, aliyemaliza wa pili kwenye Heisman mwaka 1985. Bishop alikuwa na mkono wa kurusha mbali mno. Ukishusha walinzi kumkaba miguu, alikuwa anakupita juu. Na kocha asiyepata kwotabeki anayetafutwa na kila mtu ana uhuru wa kumtumia aliyenaye kwa namna ambayo wengine hawathubutu. Klein mwenyewe mwaka 2009 alikuwa akichezeshwa kama mpokeaji.

Kitu kingine kidogo ambacho hakisemwi: timu za mateke. Snyder aliona kila yadi ya kuanzia ni yadi ambayo kwotabeki hatahitaji kuipata kwa mbavu zake. Katika hiyo mechi ya Northern Illinois, Martin Gramatica alipiga teke la pointi 3 kutoka yadi 65. Mpira ulichezwa kutoka yadi ya 48 ya mpinzani. Ongeza 7 za kumrudishia anayeushika, ongeza 10 za eneo la nyuma hadi kwenye milingoti. Na alipiga chini kwenye nyasi, bila kile kikalio cha kuinulia mpira ambacho vyuo vilikipiga marufuku mwaka 1989.

---

MstariWaMbele amejibu:

Turudi kwenye swali la ubingwa. Jibu ni siku moja: 5 Desemba 1998, St. Louis, fainali ya Big 12.

Kansas State walikuwa 11-0. Tarehe 14 Novemba walikuwa wameifunga Nebraska 40-30, mara ya kwanza tangu 1968, na kura za makocha ziliwaweka namba moja kwa mara ya kwanza katika historia yao. Mchana wa siku ya fainali UCLA, waliokuwa mbele yao kwenye kinyang'anyiro, walifungwa na Miami 49-45. Habari ikafika uwanjani. Kansas State akishinda anakwenda kuchezea ubingwa wa taifa. Kufikia mwisho wa robo ya tatu alikuwa mbele ya Texas A&M 27-12. Ikawa 27-27, ikaingia muda wa nyongeza, na katika nyongeza ya pili, jaribio la tatu wakihitaji yadi 17, Sirr Parker wa A&M akapokea pasi fupi na kukimbia yadi 32 hadi ndani. 36-33.

Kilichofuata ndicho kinachothibitisha hoja ya Sauti_ya_Prairie. Kansas State walimaliza wa 3 kwenye msimamo wa BCS, mfumo uliopanga nani achezee ubingwa wa taifa, lakini mechi kubwa zikawaruka. Ohio State wa 4 na Florida wa 8 wakachukuliwa. Kansas State wakapelekwa Alamo Bowl wakiwa bado na majonzi, wakafungwa 37-34 na Purdue ya Drew Brees. Mwaka uliofuata BCS wakatunga sharti kwamba timu ya 3 lazima ipewe nafasi. Watu hadi leo huliita sharti la Kansas State.

Ukumbuke na hii: 6 Desemba 2003, uwanja wa Arrowhead, Kansas City, fainali ya Big 12. Oklahoma wako 12-0, namba moja, wana Jason White aliyechukua Heisman mwaka huo. Kansas State ile ile iliyopoteza 3 mfululizo imeshapona, Roberson amerudi. Ikaisha 35-7. Roberson alirusha tachidauni 4, na Darren Sproles, kijana wa Olathe, Kansas, mwenye urefu wa futi 5 na inchi 6, akakimbia yadi 235. Urefu huo ndio uliomfaa Snyder: walinzi hawakumwona nyuma ya gadi mpaka ameshapita. Huo ndio ubingwa wake wa kwanza wa Big 12. Wa pili ulikuwa 2012.

---

Sauti_ya_Prairie amejibu:

Nami niongeze kilichomlipisha gharama kubwa zaidi, nadhani kuliko hata ratiba: wasaidizi wake. Tazama waliopita chini yake. Bob Stoops alikuwa naye 1989 hadi 1995. Brent Venables alicheza kama lainibeka wake, akitokea Garden City, kisha akafundisha hapo hapo. Mark Mangino. Jim Leavitt, aliyekwenda kuanzisha timu ya South Florida kutoka sifuri. Mike Stoops.

Bob Stoops alipopewa Oklahoma kwa msimu wa 1999, alimchukua Mangino, Venables na mdogo wake Mike. Yaani jirani wa konferensi hiyo hiyo alichota watu wanaojua usajili wako, ishara zako na namna unavyofikiri. Msimu wa 2000 Oklahoma waliifunga Kansas State mara 2, 41-31 na kisha 27-24 kwenye fainali ya Big 12, wakaenda kuchukua ubingwa wa taifa. Ubingwa huo una alama za vidole vya Snyder kila mahali.

Kocha mkuu anaweza kuziba pengo la msaidizi mmoja kwa mwaka. Wakiondoka 3 kwa mpigo, kinachopotea kwanza ni uhusiano na makocha wa vyuo vya miaka miwili, maana hao wanamwamini mtu, hawaiamini nembo. Usajili ule unaonekana baada ya miaka 3 au 4. Mwaka 2004 timu ilimaliza 4-7, mwaka 2005 ikawa 5-6, na Snyder akastaafu. Uwanja ukapewa jina la familia yake, si lake peke yake: Bill Snyder Family Football Stadium.

Ron Prince akashika misimu 3, 17-20. Mwishoni mwa 2008 Snyder aliitwa tena, akiwa na miaka 69. Misimu 10 ya pili ni 79-49. Mwaka 2012 alikuwa 10-0 na namba moja kwenye msimamo wa BCS hadi tarehe 17 Novemba, Baylor walipomkandika 52-24. Pasi 3 za Klein zilinaswa na walinzi jioni ile. Kwa mara ya pili alikuwa karibu na mlango wa ubingwa, na kwa mara ya pili mlango ukafungwa.

Hiyo awamu ya pili mimi huiheshimu kuliko ya kwanza. Faida ya vyuo vya miaka miwili ilikuwa imepungua kwa sababu kila mtu alikuwa ameshaiga. Bado alikwenda bouli 8 mfululizo, 2010 hadi 2017.

---

YadiKumi ameandika:

Asanteni sana wakuu, sasa naelewa kwa nini mnaanza na alichokikuta. La mwisho: leo hii, wachezaji wanahama kila mwaka na wanalipwa, njia ya Snyder bado ipo?

---

KalendaNaKalamu amejibu:

Sehemu ya ufadhili imeondoka. Kilichomsaidia Snyder miaka ile ni kwamba ukomo ulikuwa unashuka: 95, kisha 92 mwaka 1992, 88 mwaka 1993, 85 mwaka 1994. Timu tajiri zililazimika kuwaachia wachezaji 10 ambao zamani zingewaweka benchi, na baadhi yao waliishia kwa timu kama yake. Tangu 2025 kilichopo ni ukomo wa kikosi, watu 105, na vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Wale vijana wa Kansas wasio na ufadhili, hazina yake ya siri, nafasi zao zimebanwa sana.

Lakini kusajili mtu aliyekomaa kumekuwa rahisi zaidi. Kocha Curt Cignetti alipotua Indiana, chuo chenye historia ya vipigo kuizidi hata ile ya Kansas State, alikuja na wachezaji 13 kutoka James Madison alikotoka. Msimu wa kwanza, 2024, ni 11-2. Kazi iliyomchukua Snyder miaka 5 imekuwa ya mwaka mmoja. Mantiki ni ile ile, mwenye miaka 21 anamshinda mwenye miaka 18. Tofauti ni kwamba yule wa leo anaweza kuondoka msimu ukiisha.

---

GadiAnayevuta amejibu:

YadiKumi, ukitaka kuyaona haya kwa macho, tafuta mechi 3 kwa mpangilio huu: Nebraska ya 14 Novemba 1998, Oklahoma ya 6 Desemba 2003, na mechi yoyote ya Klein ya 2011. Usiufuate mpira. Kila snapu (mpira unapoanzishwa) weka jicho kwenye magadi wawili, kushoto na kulia. Gadi akirudi hatua moja nyuma badala ya kwenda mbele, ni shambulio la kuvuta, na utajua kwotabeki anaelekea upande gani kabla hajainua mguu. Kisha hesabu walinzi waliosimama ndani ya yadi 8 kutoka kwenye mpira. Wakiwa 7, tegemea mbio. Wakifika 8, subiri pasi ndani ya mashambulio 2 au 3. Andika kwenye karatasi robo nzima ya kwanza, halafu linganisha na robo ya nne.